Kurudi Tupu au Kubeba kwa Bei ya Chini?

Hesabu kwa wenye lori moja moja wa Jomvu Kuu na majirani zake



Hapa kwetu Jomvu Kuu, na kwa jirani zetu wa Miritini na Mikindani, ni vigumu kupata ploti ambayo haina mtu anayekula kutokana na lori. Yuko dereva, yuko tanboi, yuko fundi wa tairi, yuko mama anayeuza chai na mahamri mlangoni pa yadi. Tena yuko yule aliyechukua malipo yake ya kustaafu, au aliyeuza kipande cha shamba, akanunua lori lake mwenyewe, mara nyingi lililokwishatumika, na deni la benki likabaki juu yake. Makala haya yanamhusu hasa huyu wa mwisho: mwenye lori moja au mawili, asiye na mkataba na kampuni yoyote kubwa, anayengoja simu ya broka.

Swali linalomkosesha usingizi ni hili. Lori limepeleka kontena Nairobi na limeshusha salama. Sasa limeegeshwa Mlolongo, na mzigo wa kurudi Mombasa ama hakuna, ama upo kwa bei ya kuchekesha. Dereva anapiga simu: "Mzee, kuna mzigo hapa, lakini wanatoa elfu ishirini na tano tu. Nichukue ama niteremke mtupu?"

Majibu ni mawili, na kila mtu ana lake. Wapo wanaosema, "Chukua, bora kitu kuliko bure." Wapo wanaosema, "Wacha! Hiyo haifiki hata dizeli, na tukikubali tunaharibu soko." Wote wawili wana ukweli kiasi. Na wote wawili wamewahi kuonekana lori zao zikichukuliwa na madalali wa mnada. Basi hebu tuketi chini tupige hesabu pole pole, kwa sababu jibu halimo katika hasira wala katika bahati. Limo katika daftari.

KWA NINI MALORI HURUDI MATUPU?

Kwanza tuelewe kwamba shida hii haikuletwa na uvivu wa dereva wala uchoyo wa broka peke yake. Bandari ya Mombasa hupokea mizigo mingi sana kuliko inayosafirisha nje. Mwaka 2024 bandari ilihudumia zaidi ya tani milioni 41, na sehemu kubwa ilikuwa mizigo inayoingia: ngano, mafuta, chuma, magari, mbolea, nguo, mashine. Ukitazama pesa, mwaka 2023 Kenya ilinunua kutoka nje bidhaa za takriban shilingi trilioni 2.6, lakini ikauza nje za takriban shilingi trilioni 1 tu. Tena katika hizo tunazouza, maua na mboga nyingi husafiri kwa ndege kutoka Nairobi. Hazipiti Mariakani.

Kwa hiyo malori mengi hupanda yamejaa, na mizigo ya kuteremka ni michache: chai inayokuja kwenye mnada wa Mombasa, kahawa ya Kenya na ya Uganda, ngozi, parachichi, bidhaa za viwanda vya Nairobi na Thika, viazi na kabeji za soko la Kongowea. Malori kumi yakigombea mizigo mitatu, bei itateremka tu.

Tusidhani ni sisi peke yetu. Hata katika nchi za Umoja wa Ulaya, zenye viwanda kila mahali na simu na kompyuta za kutafutia mizigo, takriban kilomita 1 kati ya kila 5 za malori hukimbiwa bila mzigo. Kurudi tupu ni sehemu ya kazi hii popote duniani. Kazi yetu ni kujua ni lini inatuumiza na ni lini inatuokoa.

HESABU YA SAFARI MOJA

Tuchukue mfano. Namba hizi ni za kujifunzia tu. Wewe weka za lori lako, kwa maana kila injini ina ulaji wake. Tumeweka dizeli shilingi 170 kwa lita, na njia ya kilomita 480 kutoka Mombasa hadi Nairobi.

Gharama za aina ya kwanza ni zile zinazodai hata lori likilala:

- Mkopo wa benki kwa mwezi: Sh 120,000
- Bima na leseni, ukigawa kwa mwezi: Sh 20,000
- Mishahara ya dereva na tanboi: Sh 40,000
- Jumla: Sh 180,000 kwa mwezi, yaani Sh 6,000 kwa siku

Gharama za aina ya pili ni za safari yenyewe. Usiposafiri, hulipi:

- Dizeli ya kupanda na mzigo, lita 240: Sh 40,800
- Dizeli ya kurudi tupu, lita 160: Sh 27,200
- Tairi, oili na fundi, Sh 10 kwa kila kilomita: Sh 9,600
- Posho ya njiani na maegesho: Sh 8,000
- Jumla: Sh 85,600

Tuseme bei ya kupeleka kontena ni Sh 110,000, na safari nzima, tangu kupakia mpaka kufika tena Jomvu, inachukua siku 4. Toa 85,600 katika 110,000, zinabaki Sh 24,400. Lakini katika siku hizo 4, benki, bima na mishahara vimekula Sh 24,000. Mwenye lori amebaki na shilingi 400.

Ndiyo, mia nne. Lori limekwenda Nairobi na kurudi, kila mtu amelipwa, na mwenye mali hawezi kununua hata mkebe mmoja wa rangi. Hapo tairi halijapasuka wala gari halijalala foleni bandarini. Ndiyo sababu mzigo wa kurudi si jambo dogo. Kwa wengi wetu, faida yote ya safari imo ndani yake.

KOSA LA "HAIFIKI HATA DIZELI"

Sasa turudi kwenye ule mzigo wa elfu 25. Mwenye lori anasema: dizeli ya kurudi ni Sh 27,200, wao wanatoa Sh 25,000, hiyo ni hasara. Hesabu hii inaonekana sawa, lakini ina tundu. Dizeli ile ya 27,200 utaichoma hata ukirudi mtupu. Nyumbani ni huku Jomvu, lori lazima literemke. Pesa hiyo umekwishaitumia kichwani tangu siku ulipokubali kupanda.

Swali la haki ni hili: mzigo huu utaniongezea gharama gani zaidi ya zile za kurudi mtupu?

- Dizeli ya ziada: lori lenye mzigo litakula lita 200 badala ya 160. Lita 40 ni Sh 6,800
- Ada ya broka: Sh 2,500
- Vibarua wa kupakia na kushusha: Sh 2,000
- Tairi na breki kuchoka zaidi: Sh 1,200
- Jumla: Sh 12,500

Kwa hiyo mzigo wa Sh 25,000 unakuachia Sh 12,500 ambazo usingekuwa nazo. Ongeza kwenye zile 400, safari inakupa Sh 12,900. Ukiweza safari 7 kwa mwezi na kila mara urudi hivyo, ni Sh 90,300 badala ya Sh 2,800. Hakuna anayebahatika kila safari, lakini tofauti hiyo ndiyo karo ya shule, ndiyo tairi jipya badala ya la viraka.

Tunaona pia kwamba dizeli ya ziada ya kuteremka ni ndogo kuliko watu wanavyofikiri. Nairobi iko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,600. Mzigo wa kupanda unapigana na mlima safari nzima, mzigo wa kurudi unateremka nao. Breki ndizo zinazofanya kazi zaidi, kwa hiyo usifurahie lita ulizookoa ukasahau kukagua breki.

SIKU NAZO ZINA BEI YAKE

Mpaka hapo utasema, basi tuchukue chochote. Ngoja kwanza. Ile hesabu ya juu ni ya mzigo uliopo tayari, unaopakiwa leo leo. Mara nyingi mambo hayaendi hivyo. Broka anakwambia, "Mzigo utakuwa tayari kesho asubuhi." Kesho inakuwa kesho kutwa. Karatasi hazijasainiwa. Forklifti imeharibika. Dereva analala garini Mlolongo, anakula posho, na huku Mombasa broka mwingine anapiga simu: "Kontena lako lipo, gari liko wapi?"

Siku moja ya kungoja inagharimu nini? Inategemea kama kuna kazi inayokungoja Mombasa.

Ikiwa kazi ipo, kila siku unayochelewa unaipoteza. Safari yetu ya mfano huleta Sh 24,400 kwa siku 4, yaani Sh 6,100 kwa siku. Ongeza posho na maegesho Sh 1,500, siku moja ya kungoja ni Sh 7,600. Sasa tazama:

- Ukipakia bila kungoja, mzigo wa elfu 25 unakuachia Sh 12,500
- Ukingoja siku 1, unakuachia Sh 4,900
- Ukingoja siku 2, umepata hasara ya Sh 2,700. Afadhali ungerudi mtupu

Ikiwa kazi haipo, yaani hata ukifika Jomvu utaegesha tu, basi siku ya kungoja inagharimu posho na maegesho peke yake. Siku 2 ni Sh 3,000, na mzigo bado unakuachia Sh 9,500. Hapo ngoja, hakuna haraka.

Kwa hiyo kabla ya kumjibu broka wa Nairobi, piga simu kwa watu wako wa Mombasa. Simu ya shilingi kumi inaweza kuokoa elfu kumi.

Vile vile uliza mzigo uko wapi hasa. "Nairobi" ya broka inaweza kuwa Thika. Kwenda kilomita 60 nje ya njia mtupu na kurudi kilomita 60 na mzigo ni lita kama 45, karibu Sh 7,650, na tairi na fundi Sh 1,200. Zile Sh 12,500 zimekuwa Sh 3,650, na bado hujahesabu saa ulizokaa katika foleni ya magari.

KUPANDA SI SAWA NA KURUDI

Hapa ndipo wale wa "bora kitu kuliko bure" wanapoangukia. Wamezoea kukubali bei ya chini Nairobi, na mazoea hayo wanayaleta mpaka bandarini.

Lori likiwa Nairobi, lazima lirudi. Likiwa Jomvu, liko nyumbani. Hakuna gharama yoyote ya safari iliyokwisha kutumika. Dizeli yote, ya kupanda na ya kurudi, bado iko mfukoni mwako. Kwa hiyo bei ya kupanda ni lazima ibebe safari nzima.

Broka akikwambia, "Kazi zimekuwa ngumu, beba kwa 80,000," rudi kwenye daftari. Safari ni Sh 85,600. Utatoa Sh 5,600 mfukoni mwako ili upate nafasi ya kuchosha lori lako. Hiyo ni sawa na kumlipa tajiri akubebeshe mzigo wake. Kama huna mzigo wa kurudi ulio hakika, yaani uliokwisha kupatana bei na tarehe, acha lori lilale. Lori lililolala halichomi dizeli wala halili tairi.

Na akisema 95,000? Zinabaki Sh 9,400 kwa siku 4, na unadaiwa Sh 24,000 katika siku hizo. Hata ukipata mzigo wa kurudi wa kukuachia Sh 12,500, jumla ni Sh 21,900, bado hujafika. Katika wiki mbaya, wakati hakuna kazi nyingine kabisa, 9,400 ni bora kuliko sifuri, maana benki haijali kama umelala. Lakini ni dawa ya kutuliza maumivu, haiponyi. Ukiona umebeba hivyo mwezi mzima, ujue unauza lori lako vipande vipande: leo tairi, kesho gia, mwisho fremu.

Kanuni ya kukumbuka ni fupi: bei ya kupanda ilipe safari nzima na siku zake, bei ya kurudi ilipe nyongeza yake na siku zake. Usichanganye.

JE, TUNAHARIBU SOKO?

Hofu hii ni ya kweli. Mwenye mzigo wa bandarini akisikia umeteremka kwa elfu 25, atasema, "Njia ni ile ile, mbona kwangu unataka 110,000?" Mjibu bila aibu: "Kule nilikuwa narudi nyumbani. Kwako naondoka nyumbani." Mwenye duka anaelewa lugha hiyo, kwa sababu naye huuza mabaki ya mwisho wa siku kwa bei ya kutupa, lakini hauzi asubuhi kwa bei hiyo.

Ugumu unakuja kwa sababu wapo pia wenye lori wa Nairobi ambao kwao Mombasa–Nairobi ndiyo njia ya kurudi nyumbani. Lori lao likileta chai, liko tayari kupanda kwa bei ambayo wewe huwezi. Huwezi kumlaumu, anafanya ile ile hesabu yako, kinyume chake. Unachoweza ni kutoshindana naye kwa bei, bali kwa mambo ambayo mgeni hana: kuwa karibu na bandari, kujulikana na klarki wa mizigo, gari kufika saa ile ile, na kontena kurudishwa depo kwa wakati.

Bei ya chini pia ina historia. Reli mpya ya SGR ilianza kubeba mizigo Januari 2018. Mwaka 2019 ilitolewa amri kwamba makontena yanayokwenda Nairobi na bara yapande treni. Mombasa ilisimama: wenye malori, madereva, mawakala wa forodha, wenye hoteli ndogo za barabarani waliandamana. Mwaka huo huo serikali ikasimamisha amri hiyo, na Novemba 2020 Mahakama Kuu ya Mombasa ikaamua kwamba maagizo ya aina hiyo yalikuwa kinyume cha Katiba. Septemba 2022 Rais William Ruto alitangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zinarudi Mombasa.

Tulijifunza nini? Kwamba mzigo wa bandari si urithi wetu. Unaweza kuhamishwa kwa karatasi moja. Treni bado inapita pale Miritini ikiwa na makontena, na bei yake iko pale pale kwa kila mtu kuiona. Mwenye lori asiyejua gharama zake hana cha kusema mbele ya bei ya treni. Atakubali chochote, au atakataa kila kitu.

MIZIGO YA KUKATAA HATA IKIWA NA BEI NZURI

Kuna mizigo ambayo hesabu ya shilingi haitoshi.

1. Mzigo wa kupita kiasi. Mtu akilipwa kidogo kwa tani, hushawishika kuongeza tani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Kudhibiti Uzito wa Magari, ya mwaka 2013, imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari pamoja na mzigo wake, na tani 24 kwa ekseli tatu zilizofuatana. Ukiteremka utapimwa Athi River na Mariakani. Ada ya uzito uliozidi humeza faida ya safari kadhaa, na gari linaweza kuzuiliwa hadi mzigo upunguzwe.

2. Mzigo usio na karatasi. Makaa bila kibali, sukari isiyojulikana ilikotoka, magunia ya "rafiki wa dereva". Likikamatwa, lori ni lako, wewe ndiwe utakayekimbizana na mahakama. Mwambie dereva wako wazi ni mizigo gani hairuhusiwi. Na umlipe vizuri, maana dereva mwenye njaa hubeba mizigo usiyoijua.

3. Mzigo unaoharibu bodi. Chai hunyonya harufu. Ukibeba ngozi mbichi au kemikali wiki hii, wenye chai watakukataa wiki ijayo. Mzigo mmoja wa bei rahisi unaweza kukufungia mlango wa mizigo kumi.

4. Mzigo unaochelewesha kontena. Mara nyingi bei ya kupanda huwa ni pamoja na kurudisha kontena tupu kwenye depo ya kampuni ya meli. Siku za bure zikiisha, kampuni hutoza kwa kila siku, tena kwa dola. Usipakie viazi ndani ya kontena la watu bila ruhusa ya maandishi. Kama gari lako limefungwa na kontena, mzigo wako wa kurudi ndio hilo kontena, na hesabu yake iwe ndani ya bei ya kwanza.

5. Mzigo wa kumnyima dereva usingizi. "Fika kesho asubuhi au usilipwe." Sheria ya Trafiki haimruhusu dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika saa 24. Kati ya Salama na Mtito Andei, na kati ya Voi na Mariakani, wengi wa vijana wetu wamekwisha. Hakuna elfu 25 inayorudisha mtu.

6. Mzigo wa "tutakulipa mwisho wa mwezi ujao". Dizeli hununuliwa kwa pesa taslimu. Mzigo wa Sh 35,000 utakaolipwa baada ya siku 60 unaweza kuwa mbaya kuliko wa Sh 25,000 unaolipwa nusu wakati wa kupakia na nusu wakati wa kushusha. Kwa broka usiyemjua, dai advansi ya kutosha dizeli ya ziada na vibarua. Akikataa, rudi mtupu ukiwa na amani.

TUFANYE NINI?

Weka daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la shilingi hamsini linatosha. Kila safari andika tarehe, lita zilizoingia, kilomita za mita, bei ya kupanda, bei ya kurudi, siku zilizotumika, na kilichoharibika. Baada ya safari tano utajua lori lako linakula nini likiwa na mzigo na likiwa tupu. Namba hiyo ndiyo silaha yako.

Piga hesabu upya kila mwezi. Bei ya mafuta hutangazwa na EPRA kila tarehe 14. Bei uliyoikubali mwezi uliopita inaweza kuwa hasara mwezi huu.

Mpe dereva kipimo kabla hajaondoka. Usingoje simu ya usiku. Mwambie: "Ukipata mzigo wa leo, usiteremke chini ya kiasi hiki. Ukiambiwa kesho, nipigie. Ukiambiwa kesho kutwa, njoo." Maneno matatu hayo yanaondoa ugomvi mwingi kati ya mwenye lori na dereva.

Tafuta mzigo wa kurudi kabla ya kupanda. Anayeanza kutafuta akiwa amekwisha kushusha anatafuta kama mwenye njaa, na broka anamsikia sautini. Anza siku gari linapopakiwa bandarini. Jua msimu wa chai, jua wenye maghala ya Changamwe na Shimanzi wanaoipokea, jua wafanyabiashara wa Kongowea wanaoagiza kutoka bara.

Unganeni. Lori moja haliwezi kumwahidi mwenye kiwanda cha Nairobi kwamba kila siku kutakuwa na gari. Malori kumi ya majirani yanaweza. Chama chenye katiba, akaunti ya benki na daftari la wazi kinaweza kuomba mkataba wa kuteremsha mizigo bila broka katikati, kununua tairi kwa bei ya jumla, na kukubaliana kwamba hakuna mwanachama atakayeondoka Jomvu chini ya gharama ya safari. Hatusemi ni rahisi. Vyama vingi vimevunjika kwa sababu ya mmoja aliyebeba usiku kwa bei ya siri. Lakini anayefanya hivyo mara nyingi ni yule asiyejua kwamba anapata hasara. Mkifundishana hesabu kwanza, kuaminiana kunakuwa kwepesi.

Na jamaa za nyumbani washirikishwe. Mara nyingi mke na watoto wanaona lori likitoka na kuingia, wanadhani pesa ipo. Wakiiona ile shilingi 400 kwenye daftari wataelewa kwa nini karo imechelewa, na pengine wao ndio watakaokuwa waandishi wazuri wa hilo daftari kuliko wewe.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Katika safari zetu tatu za mwisho, tulirudi watupu mara ngapi, na kila mara ilikuwa kwa sababu gani?

2. Je, kila mmoja wetu anajua gharama ya lori lake kwa siku moja likiwa limeegeshwa?

3. Ni mzigo gani wa kupanda tuliobeba mwaka huu ambao, tukipiga hesabu leo, tungeukataa? Na ni mzigo gani wa kurudi tulioukataa ambao tungeuchukua?

4. Madereva wetu wanalala wapi Mlolongo, na nani anawalipia?

5. Tukiwa malori kumi, ni kiwanda gani au ghala gani tungeweza kwenda kubisha hodi pamoja?

Ukija kwenye majadiliano, njoo na daftari na kalamu. Kama huna daftari, njoo na risiti za dizeli zilizo chini ya kiti cha dereva. Tutaanzia hapo.